Akili Ikihama Katikati ya Mchezo: Jinsi ya Kuirudisha Hatua kwa Hatua

Hakuna mchezaji anayekaa makini dakika 90 bila kukatika. Akili huhama: mara iko kwa refa, mara kwa jukwaa, mara kwenye pasi iliyopotea dakika moja iliyopita au kwenye matokeo ambayo bado hayajapatikana. Hata wale wanaosifiwa kwa utulivu wao akili zao huhama vilevile, ila wanazirudisha kabla mpira unaofuata haujawafikia. Kwa hiyo mazoezi yaliyo hapa hayalengi kukuondolea woga wala hasira. Yanafupisha muda kati ya kuhama na kurudi.

Yape wiki 6 hadi 8. Usianze hatua mbili mpya ndani ya wiki moja, na kila kitu kianzie mazoezini. Mbinu inayojaribiwa kwa mara ya kwanza siku ya fainali ni mzigo mwingine tu juu ya presha uliyo nayo.

Hatua ya 1: Jua akili yako huhama lini

Weka daftari dogo kwenye begi la mazoezi. Baada ya kila zoezi au mechi, kabla ya kushika simu, andika mambo manne: ni wakati gani ulipotea, kitu gani kilitangulia, mwili ulifanya nini, na ulijiambia nini. Ongeza namba moja kuanzia 0 hadi 10 inayoonyesha mwili ulikuwa umechemka kiasi gani. 0 ni usingizi, 10 ni kutetemeka.

Wengi huandika "nilikosa umakini" na kufunga daftari. Maneno hayo hayana msaada. Andika hivi: "Dakika ya 70, baada ya pasi yangu kukatwa. Mabega yalipanda, nikakimbia kuufuata mpira badala ya kurudi kwenye nafasi yangu. Nilijiambia: leo kocha ananitoa. 8." Hapo una chanzo, una dalili ya mwili na una sentensi iliyokuvuruga. Ukifikisha kurasa nane au kumi, utaona kwamba huvurugwi na mambo ishirini. Mara nyingi ni mawili au matatu, yanarudi yaleyale.

Namba nayo ina kazi yake. Tangu majaribio ya wanasaikolojia Yerkes na Dodson ya mwaka 1908, yaliyofanywa kwa panya, inajulikana kwamba msisimko ukiwa mdogo mno kazi inalegea, na ukizidi inaharibika, hasa kazi inayotaka ustadi mwembamba. Mlenga mshale anaweza kucheza vizuri akiwa kwenye 3 au 4, wakati mnyanyua uzito anahitaji 8. Linganisha namba zako na siku ulizocheza vizuri, utapata kiwango chako. Usiige cha mwenzako.

Hatua ya 2: Pumzi

Hii ndiyo njia fupi kuliko zote ya kushusha mwili uliochemka, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote.

Lala chali, mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. Vuta hewa kwa pua kwa hesabu ya 4, mkono wa tumbo uinuke na wa kifua utulie. Toa kwa mdomo uliobana kidogo kwa hesabu ya 6. Hiyo ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika. Fanya dakika 5 kila siku kwa wiki mbili. Wiki ya tatu fanya ukiwa umesimama, kisha baada ya mbio fupi, kisha katikati ya zoezi lenyewe. Mechini hutakuwa na dakika 5. Utakuwa na pumzi moja au mbili, nazo zitafanya kazi kwa sababu tu mwili umeshazizoea.

Sababu ya kutoa hewa polepole kuliko kuvuta ni kwamba mapigo ya moyo hupanda kidogo unapovuta na kushuka unapotoa, kwa njia ya neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaounganisha ubongo na moyo. Ukirefusha kutoa, unaupa moyo nafasi zaidi ya kupungua kasi.

Ukisikia kizunguzungu au vidole vikiwasha kama vimechomwa na sindano, unavuta hewa nyingi mno na kupoteza kabonidioksidi kupita kiasi. Punguza ukubwa wa pumzi, usipunguze muda wake. Kosa jingine ni kujilazimisha hesabu ya 4 na 6 mara tu baada ya kukimbia kwa nguvu zote: mwili unadai hewa, wewe unaubania, na hofu inaongezeka. Uache uhemee unavyotaka kwa sekunde 15 au 20, ndipo urefushe pumzi ya kutoka. Na kwa waogeleaji na wapiga mbizi: kamwe usipumue harakaharaka ili "kujaza hewa" kabla ya kuzama. Kufanya hivyo huondoa ishara ya mwili ya kutaka hewa, na mtu anaweza kuzimia chini ya maji bila onyo lolote.

Si kila mtu anahitaji kutulizwa. Kama daftari linaonyesha unaanza mechi ukiwa kwenye 2, pumzi ndefu zitakuongezea usingizi. Wewe ruka, piga mbio fupi tatu au nne, sikiliza muziki wa kasi, zungumza kwa sauti. Na ukiwa kwenye 7 dakika chache kabla ya kuanza, usipoteze nguvu kuulazimisha mwili urudi kwenye 3. Moyo unaodunda kwa woga na unaodunda kwa hamu ni moyo uleule. Jiambie "mwili uko tayari" uingie uwanjani.

Hatua ya 3: Mahali pa macho na neno moja

Mchezaji aliyeshika ustadi wake huuharibu anapoanza kuusimamia. Mtu amepiga mitupo huru ya mpira wa kikapu maelfu kwa maelfu, lakini kwenye mtupo wa ushindi anaanza kuwaza kiwiko kiko wapi. Harakati iliyokuwa ikitiririka inakatika vipande vipande. Ndiyo maana kumwambia mchezaji mzoefu "angalia kiwiko chako" sekunde chache kabla ya tendo ni kumdhuru, hata kama kiwiko kweli kina kasoro. Kasoro hiyo ishughulikiwe mazoezini. Anayejifunza bado ni mtu mwingine. Yeye anahitaji maelekezo ya mwili, ila hata kwake moja kwa wakati mmoja.

Dawa ni kuyapeleka macho na mawazo nje ya mwili, kwenye matokeo ya tendo: sehemu ya ringi, kona ya neti, mstari wa njia, mgongo wa mkimbiaji aliye mbele. Mtafiti Joan Vickers alionyesha kwamba walengaji wazuri hutuliza jicho mahali pamoja kabla ya harakati kuanza, na hukaa hapo muda mrefu kuliko wasio wazuri. Kwa mtupo huru, chagua sehemu moja ya ringi, mbele au nyuma, na uikazie macho kama sekunde moja kabla mikono haijapanda. Usiibadilishe kila mtupo.

Kisha chagua neno. Liwe fupi, liseme cha kufanya, liendane na mwendo wa tendo: "laini" kwa mtupo, "sukuma" kwa mwanzo wa mbio, "jicho" kwa mlinda mlango. Neno lisiwe la kukataza. "Usipige nje" huanza kwa kuionyesha akili nje ni wapi. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na dubu huyo akawa anawarudia akilini kila mara. Uwanjani mambo ni yaleyale, na ukichoka yanazidi.

Hatua ya 4: Utaratibu kabla ya tendo

Penye kusimama kabla ya kucheza, yaani penalti, mtupo huru, sevu ya voliboli au tenisi, mruko, kunyanyua uzito, jenga utaratibu wa sehemu nne: hakikisha, pumua, tazama, tenda.

Chukua mtupo huru. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, una sekunde 5 tangu mwamuzi akupe mpira, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla hujaupokea. Ukiwa nyuma ya mstari, vuta pumzi moja, itoe taratibu, legeza vidole. Ingia, mguu wa mkono wa kurushia ukae palepale unapokaa siku zote. Pokea mpira. Dunda mara mbili. Macho kwenye ringi, sekunde moja. "Laini." Rusha. Kuanzia kupokea hadi kurusha ni kama sekunde 4. Ukidunda mara tano unajipeleka kwenye kosa la muda.

Penalti ina kanuni yake ya ziada: amua kona kabla hujaweka mpira chini, na usiibadilishe. Mpigaji anayebadilisha uamuzi katikati ya mbio zake hupiga kwa mguu ulioshikwa na mawazo mawili. Filimbi ikishalia huhitaji kukimbilia mpira. Toa pumzi moja kwanza. Wengi hukimbia kwa sababu wanataka hali ile iishe.

Sehemu ya "hakikisha" huonekana ya kitoto mpaka siku inapoachwa. Kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004, mlenga shabaha Mmarekani Matthew Emmons alikuwa anaongoza fainali ya bunduki ya mita 50 kwa mikao mitatu, amebakiza risasi moja. Akaipiga kwenye shabaha ya mwenzake wa njia ya pembeni. Akapewa sifuri, akashuka hadi nafasi ya nane. Baadaye alieleza kwamba safari hiyo mawazo yake yalikuwa kwenye kujituliza, hakuitazama namba ya shabaha. Utulivu ulikuwepo, kilichokosekana ni hatua ya kwanza ya utaratibu.

Utaratibu huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuharakishwa na presha, na mwenyewe huwa hajui. Mwombe mtu akurekodi kwa simu mazoezini na mechini, kisha pima sekunde. Tofauti ikizidi sekunde moja, tatizo umelipata. Ya pili ni kurefuka: kila ukikosa unaongeza kitu, mpaka unakuwa na ibada nzima. Ya tatu ni kugeuka ushirikina. Ukihisi huwezi kucheza kwa sababu soksi ya bahati imepotea, huo si utaratibu tena. Kila kipande kiwe na kazi unayoweza kuieleza, na kiwe kitu unachoweza kukifanya uwanja wowote.

Hatua ya 5: Kurudi baada ya kosa

Hapa ndipo mechi nyingi hupotea, kwa sababu kosa la kwanza huzaa la pili. Umepoteza mpira, una aibu, unataka kufidia, unaingia kwa pupa, unapewa kadi. Ukisoma daftari lako kwa makini utaona kwamba mara nyingi kilichokugharimu zaidi ni yale uliyoyafanya ndani ya nusu dakika iliyofuata kosa.

Tengeneza njia ya kurudi isiyozidi sekunde 10. Inaanza na mwili, kwa sababu akili iliyokasirika haisikii hoja: pumzi moja ya kutoka kwa nguvu, mabega chini, ngumi zifunguke. Kisha alama moja ya mkono yenye maana ya "limekwisha", kwa mfano kuvuta soksi, kufuta viganja kwenye kaptura, kugusa nguzo kama wewe ni mlinda mlango. Ichague mwenyewe na uifanye baada ya kila kosa la mazoezini, hata dogo, mpaka mwili uunganishe alama na kuachia. Mwisho, sema kazi inayofuata kwa sauti ndogo: "Namba saba." "Rudi kati." Iwe kazi, isiwe hukumu. "Tulia" si kazi. "Amka" si kazi. "Mkabe wa kushoto" ni kazi.

Hasira usiikandamize. Itaje: "Nimekasirika." Neno hilo moja hukutenganisha kidogo na hisia, ukapata nafasi ya kuchagua. Wengine hutulia upesi zaidi wakijisemesha kama wanavyomsemesha mwenzao, kwa jina lao: "Juma, nafasi yako." Jaribu namna zote mbili mazoezini uone ipi inakushika.

Uchambuzi wa kosa uahirishe. Kwa nini pasi ilikatwa, nani alipaswa kuja kuipokea, yote hayo yana wakati wake mapumzikoni au kesho yake. Ukichambua huku mpira unachezwa, unakuwa haupo uwanjani.

Sasa andika mipango ya "ikiwa… basi…" kwa yale mambo mawili matatu yaliyojitokeza kwenye Hatua ya 1. Ikiwa refa ataninyima faulo, basi natazama chini, natoa pumzi, nakimbia kwenye nafasi yangu. Nahodha ndiye atakayeuliza. Ikiwa tutafungwa mapema, basi pasi zangu tatu za kwanza ni fupi na salama. Ikiwa miguu itakuwa mizito kilomita ya 30, basi nahesabu hatua 100, naanza tena. Mpango wa namna hii una nguvu kwa sababu uamuzi umeshafanyika ukiwa umetulia. Uwanjani unaufuata tu. Mitatu inatosha. Ukiandika kumi na miwili hutaukumbuka hata mmoja.

Mfano unaojulikana ni wa mwogeleaji Mmarekani Michael Phelps kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, mita 200 mtindo wa kipepeo. Miwani yake iliingia maji, na kufikia mwisho wa mbio alikuwa haoni ukuta. Akahesabu mipigo ya mikono, akagusa wa kwanza kwa dakika 1:52.03, rekodi ya dunia wakati huo. Hakuibuni hesabu hiyo majini. Idadi ya mipigo yake kwa kila urefu wa bwawa aliijua kabla hajaruka.

Katika timu, kubalianeni pia wenzako wafanye nini mtu akikosea. Mwingine anataka apigwe bega, mwingine aachwe. Kumi wakikupigia kelele "usijali!" kwa pamoja, wanakukumbusha kosa mara kumi.

Hatua ya 6: Kucheza kichwani

Dakika 5 hadi 10, mara tatu au nne kwa wiki. Simama au kaa kama unavyokaa kwenye mchezo wako, shika kifaa chako kama kipo. Liendeshe tendo kwa kasi yake halisi, ukiliona kwa macho yako mwenyewe, wala si kama unajitazama kwenye televisheni. Weka sauti, uzito wa mpira, joto, uchovu. Ukilala kitandani utasinzia, na ukijionesha medali tu unaota ndoto ya mchana.

Mpira wa kichwani ukigoma kuingia, simamisha, rudi nyuma, punguza kasi mpaka tendo likae sawa, kisha rudisha kasi. Usiache picha ya kukosa iwe ya mwisho. Wasioona picha kabisa wasijilaumu. Watumie mguso na sauti. Mara moja kwa wiki tia balaa: mvua, bao la mapema, kiatu kupasuka, pamoja na njia yako ya kurudi.

Hatua ya 7: Leta presha mazoezini

Mitupo 50 mfululizo ukiwa umepumzika haifanani na mtupo mmoja ukiwa unahema na timu nzima inakutazama. Mara moja au mbili kwa wiki, mwisho wa zoezi: kimbia urefu wa uwanja mara nne, kisha piga mbili tu. Hakuna marudio. Wenzako wasimame pembeni wapige kelele. Matokeo yawe na gharama ndogo, kwa mfano anayekosa anakusanya vifaa. Lengo ni kuutumia utaratibu na njia ya kurudi wakati mwili umechemka, kwa hiyo kocha atazame kama utaratibu ulifuatwa, asitazame bao peke yake.

Kocha akizidisha, zoezi linageuka adhabu. Kumdhalilisha mchezaji hakumkomazi. Humfundisha kuikimbia nafasi ya kupiga. Kwa watoto gharama iwe mchezo tu.

Siku ya mashindano na siku inayofuata

Usingizi wa usiku wa kuamkia mechi ukiwa mbaya, usiufanye janga. Usiku kadhaa wa kabla yake ndio wenye uzito zaidi. Simu izimwe kabla ya kupasha misuli. Hakuna neno jipya, hakuna pumzi mpya.

Ukipoteza, usichukue uamuzi wowote mkubwa usiku huo: kuacha timu, kubadilisha kocha, kujibu watu mtandaoni. Kesho yake andika lililokuwa mikononi mwako likaenda vizuri, lililokuwa mikononi mwako likaharibika, na lisilokuwa mikononi mwako. La pili ndilo linaingia kwenye mazoezi ya wiki. Aliyeumia abaki karibu na timu, afanye Hatua ya 6 kila siku, na apewe malengo ya wiki ya kiungo kinachopona badala ya kuhesabu mechi anazozikosa.

Mbinu hizi zinapofika mwisho

Usingizi, hamu ya kula au furaha ya mchezo ikipotea kwa wiki mbili au zaidi, au ukianza kujinyima chakula, kutegemea pombe au kufikiria kujidhuru, usiendelee kuhesabu pumzi. Muone daktari au mshauri wa afya ya akili, na kwa mawazo ya kujidhuru usingoje hata siku moja. Vilevile mwili ukikataa tendo la hatari. Kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, mwanajimnastiki Mmarekani Simone Biles alijiondoa kwenye fainali ya timu ya jimnastiki baada ya mruko wa kwanza, kwa sababu akiwa hewani hakujua tena mwili wake uko upande gani. Siku chache baadaye alirudi kwenye boriti, ule ubao mwembamba wa kujisawazisha, akapata shaba.

Na kuna umakini unaopotea kwa sababu ya pigo. Mchezaji aliyegongwa kichwa kisha akawa mzito kujibu, anasahau matokeo, anakasirika bila sababu au anaumwa na mwanga, huenda ana mtikisiko wa ubongo, hata kama hakuzimia. Atoke, asirudi uwanjani siku hiyohiyo, asiachwe peke yake. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege au mkono ukiwa dhaifu, apelekwe hospitali mara moja. Kurudi mazoezini kuwe kwa ruhusa ya daktari, kwa ngazi, kuanzia kutembea.